Santuri Zilizopakwa Samli

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za chumba cha santuri. Vijana wa redio walinikatia keki, wakanipa blanketi na mwavuli, na mmoja wao akaniomba niandike yale mambo ambayo kompyuta haiyajui. Kompyuta inajua mengi kuliko mimi. Lakini haijawahi kuharibu santuri kwa mkono wake, na mimi nimewahi, kwa hiyo labda kweli kuna kitu cha kuandika. Habari za vyeo na mshahara nitaziacha. Cheo changu kilikuwa kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, na mshahara mnaujua, ni kama wenu.

Niliingia kazi hii kwa njia ya maharage. Tulifika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwishoni mwa mwaka 1996, tukitokea Uvira. Kwetu nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Nakivale nilikuwa jina kwenye kadi ya mgao, na siku za soko nilikuwa muuza maharage Rwekubo. Siku moja mwanamume mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, alisimama mbele ya gunia langu. Kwapani alibeba kitu cha bapa kilichofungwa kwa gazeti. Nilidhani ni kioo.

"Nyabo, wewe natoka Kongo?" aliniuliza, akiniita mama kwa neno la huku. "Sasa hii maneno wewe najua kusoma?"

Ilikuwa santuri nzito ya zamani, na jalada lake limeandikwa Kifaransa. Nikamsomea jina la bendi, jina la wimbo, na yale maandishi madogo ya chini ambayo hakuna mtu huyasoma: kwamba sindano ibadilishwe kila upande mmoja unapokwisha, kwa sababu sindano iliyotumika inakwangua sauti.

"Hiyo ya sindano iko imeandikwa?" Alinigeukia kama niliyemshindia kesi. "Kila siku mimi nasema, hawa watu nakataa! Kesho, saa mbili, kuja Mbarara. Maharage hapana leta."

Huyo alikuwa Afande Byaruhanga. Alikuwa ameongoza bendi ya jeshi katika kambi ya Mbarara kwa miaka mingi, akastaafu, kisha redio yetu ikamchukua atengeneze chumba cha santuri. Mwenye redio alikuwa amenunua nyumba huko Kakiika, pembezoni mwa mji, na ndani ya stoo ya nyumba hiyo akakuta masanduku kumi na kitu ya muziki wa jazi: wa Wamarekani weusi, wa Wabelgiji walioiga Wamarekani weusi, na wa bendi zetu za Kongo zilizochukua kutoka kwa wote wawili na kufanya mambo yao zenyewe. Nusu ya maandishi yalikuwa ya Kifaransa. Afande alikuwa na masikio ya kutosha vijiji vitatu, ila Kifaransa hakikuwamo. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Siku ya kwanza sikugusa santuri hata moja. Alinipeleka kwenye bomba, nikanawa kwa sabuni, halafu akashika mikono yangu na kuinusa. Nilikuwa nimejipaka mafuta asubuhi, kama mtu yeyote mwenye adabu anayekwenda kazini. Akanirudisha kwenye bomba. Mara ya pili akanirudisha tena. Saa tano mikono yangu ilikuwa mikavu kama ya mtu aliyekanda saruji, ndipo akaniruhusu niketi na kutazama. Mafuta ya ngozi huingia kwenye mistari ya santuri, vumbi huja kushika mafuta, na sindano hulisaga lile vumbi humo humo. Kwa miaka kumi na minane sikujipaka mafuta mikononi siku ya kazi. Mkitaka kujua umri wangu msitazame uso.

Alinifundisha kuwa santuri hushikwa ukingoni na kwenye lebo, kama sahani ya mchuzi uliojaa. Husimama wima kwenye rafu, hailali, kwa sababu ya chini itabeba ya juu mpaka ipasuke. Alizigawa katika makundi mawili. Zile nzito za zamani, zilizotengenezwa kwa utomvu mgumu, aliziita wazee. Zile nyepesi za plastiki aliziita makuruta. Mzee ukimwangusha anavunjika, kuruta anaruka. Mzee ukimgonga taratibu kwa ukucha analia kama kikombe, kuruta analia kama kopo la siagi. Na jambo kubwa kuliko yote, alilonifanya niandike kwenye daftari na kuweka sahihi yangu chini yake kama kuruta mwenyewe: kuruta mwenye alama za vidole unaweza kumfuta kwa spiriti kidogo, mzee usimwonyeshe hata chupa yake. Spiriti inayeyusha ule utomvu. Mzee huoshwa kwa maji ya mvua ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, lebo imefunikwa kwa kifuniko cha kopo na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

"Mwalimu, soma mimi nisikie," alisema.

Nikasoma. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunywa chai.

Kanisani kwetu Nakivale hawakuifurahia kazi yangu. Mchungaji aliniuliza mbele ya kwaya kama ni kweli ninalipwa kuosha miziki ya dunia. Nikamwambia ni kweli, na kwamba kabla ya kuoshwa ilikuwa michafu zaidi. Kwaya ilicheka, yeye hakucheka. Miaka ile kulikuwa na desturi kwamba mtu akiokoka analeta vitu vyake vya dunia vichomwe: hirizi, chupa, kaseti, magazeti yenye picha za wanawake. Mara mbili tatu nilimwona mtu akitupa santuri motoni. Santuri nzito haiungui vizuri. Inajikunja, inatoa moshi mweusi unaonuka vibaya, na watu wanasema mnaona, huyo ndiye shetani anatoka. Nilisimama pale na Biblia yangu, na nasema wazi kwamba moyo uliniuma.

Kazi yenyewe ilikuwa ya polepole. Mke wa sajenti mmoja wa kambini alileta santuri aliyokuwa akifunikia mtungi wa maji kwa miaka minane. Upande wa juu ulikuwa na mduara wa kikombe, upande wa chini ulipiga vizuri ajabu. Mzee mmoja wa Ngarama alileta sanduku ambalo mchwa walikuwa wamekula majalada yote wakaacha muziki, nikamwambia mchwa wake wana adabu kuliko wapwa zake walioiuza redio yake bila kumwambia. Zilizopindwa na jua tuliziweka kati ya vioo viwili vya dirisha, tukazianika mpaka zipate joto, kisha tukaziacha zipoe zikiwa zimebanwa. Nne kati ya tano zilinyooka. Ya tano Afande aliitundika ukutani, akasema ni saa.

Watu wa ng'ambo walituandikia barua, baadaye barua pepe, wakitaka kununua. Walijua namba za santuri zetu kuliko sisi, zile namba ndogo zilizokwanguliwa karibu na lebo, maana lebo inaweza kubandikwa vibaya kiwandani lakini namba haidanganyi. Mwenye redio alikataa kuuza, kwa ubishi tu nadhani, na mara hiyo moja ubishi wake ulitusaidia.

Afande alianza kupoteza masikio. Alificha kwa mwaka mzima. Niligundua siku nilipomkuta ameweka ncha za vidole kwenye ubao wa gramafoni, amefumba macho, na sauti imefungwa kabisa. Alikuwa akisikiliza kwa mkono. Nikatoka nikaenda kulia karibu na bomba. Alifariki miaka miwili baadaye, na mazishini akapigiwa na bendi ya jeshi iliyokosea mahali pawili. Nilimshukuru Mungu kwamba hakuisikia. Baada ya hapo chumba kikawa changu, na sasa nafika kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Ilikuwa kama miaka mitatu kabla sijastaafu. Mama Debora alikuja kwenye redio akiwa na binti yake mkubwa na kikapu kilichofunikwa kanga. Nilimjua kwa sura. Tulisali kanisa moja Nakivale. Alikuwa wa wafugaji wa milima iliyo juu ya Uvira, mjane, na alikuwa na ng'ombe watatu aliowajali kuliko watu wengi wanavyojali wakwe zao. Familia yake ilikuwa imekubaliwa kuhamia ng'ambo. Waliambiwa wakae tayari, siku yoyote jina lao lingebandikwa.

Ndani ya kikapu kulikuwa na santuri kumi na mbili. Sijawahi kuona kitu kama kile. Zilikuwa kahawia-nyeusi, zimefunikwa na mafuta yaliyogandamana na masizi, lebo hazisomeki, na zilinuka maziwa ya vibuyu vinavyotiwa moshi.

"Mwalimu, miye sina mingi ya kusema," alianza. "Bwana yangu Simeoni, mbele ya kufa, alikuwa anapiga klarineti mu jazi ya Bukavu. Unamukumbuka? Hapana, weye ulikuwa mutoto. Balimurekodi mara moja tu, kwa disiki moja. Iko humu ndani. Nilipookoka, bazee ba kanisa balipita nyumba kwa nyumba banatafuta bitu ya dunia. Nikazificha fasi moja na bibuyu ya maziwa. Nani atatafuta zambi mu bibuyu ya maziwa?"

"Na haya mafuta?"

"Sasa kitu inakaa na bibuyu, utaiacha ikauke ipasuke? Kila wiki nikipaka bibuyu samli na kuvukiza, nazo nilizipaka. Nilizivukiza na majani ile ile. Miaka yote. Sikuruka hata wiki."

Binti alitazama chini kwa aibu. Mimi nilitazama ile mikono ya Mama Debora, na nilifikiri Afande angekuwa hai angeanguka.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Watoto wake walikuwa wadogo sana Simeoni alipofariki, na wa mwisho alizaliwa baada ya mazishi. Hakuna aliyewahi kumsikia. Alitaka nisafishe ile santuri moja, niipige mbele yao mara moja, na kama inawezekana niitie kwenye kitu cha kubeba. Ile santuri alikuwa ameitia alama ya msalaba mdogo kwa msumari, kwenye lebo, upande ambao Simeoni anapiga peke yake.

"Mchungaji anajua?" nilimuuliza.

"Klarineti haina maneno," alijibu. "Penye haina maneno, zambi itaingilia wapi?"

Nilimwambia anipe wiki mbili. Nilisema kwa sauti ya fundi. Naikumbuka ile sauti.

Nilianza na maji na sabuni. Mafuta yaliimeza sabuni kama hayakuiona. Nikabadilisha maji mara nne, na santuri ilibaki vile vile, inateleza mkononi kama samaki. Nikaigonga kwa ukucha nisikie ni mzee au kuruta: ikalia kama kopo. Kuruta, nikasema. Nikajaribu spiriti ukingoni kidogo tu, nikasubiri, nikatazama, haikudhurika. Nikaifuta yote ikatoka safi, inang'aa, plastiki kabisa. Nikafurahi. Nikachukua ya pili, nikaigonga. Nayo ikalia kama kopo.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Kitu chochote kilichopakwa samli miaka kumi na kitu kitalia kama kopo, hata kikombe cha kaure. Sikuwaza. Sikujaribu ukingoni. Nilikuwa nimefanya kazi hii muda mrefu kiasi cha kuacha kuisikiliza. Nilimimina spiriti kwenye kitambaa na kuizungusha, na kitambaa kilitoka cheusi, nikafurahi zaidi, nikasema masizi ya Mama Debora leo yamekutana na fundi mwenyewe. Nikachukua kitambaa kingine, nacho kikatoka cheusi. Cha tatu vile vile. Nilipoinua cha nne ndipo nikajiuliza santuri moja inaweza kubeba masizi kiasi gani.

Nikaipeleka dirishani. Haikung'aa. Ilikuwa imefifia kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na mistari ilikuwa imelala. Weusi ule wote kwenye vitambaa haukuwa masizi. Ulikuwa santuri yenyewe. Nikafuta lebo kwa kidole, polepole, huku nikijua tayari, na msalaba ukatokea.

Nilikaa chini sakafuni. Kijana wa mitambo alipita mlangoni akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo.

Santuri nyingine zote nilizisafisha kama nilivyofundishwa: maji ya mvua ya uvuguvugu, sabuni, na brashi laini ya kuchania nywele za mtoto mchanga, mara saba kila moja, mpaka ukucha ukapata sauti ya kweli. Na hapa kuna jambo ambalo nataka mliandike mahali. Chini ya ile samli zilikuwa nzima kabisa. Hakuna ukungu, hakuna ufa. Zetu zilizokaa kwenye rafu nzuri za redio zilikuwa na madoa ya unyevu. Zake zilizopita vita, mvua na hema zilitoka kama zimenunuliwa jana. Samli ilikuwa imezifungia. Hata ile santuri ya msalaba, upande wa pili ambao sikuugusa kwa spiriti, ulipiga vizuri. Ulikuwa wimbo wa tarumbeta. Klarineti haikuwamo.

Nilikwenda Nakivale na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri zote kumi na mbili, kila moja ndani ya bahasha ya karatasi. Mama Debora alikuwa ametandika mkeka na kuwaketisha watoto wake watano na wajukuu kwa mstari, wamevaa nguo za kanisani. Nikapiga upande wa tarumbeta kwanza. Wajukuu wakacheza mpaka wakakemewa. Kisha akasema, sasa ile yenye msalaba.

Nilibadilisha sindano. Mikono yangu ilijua kazi yake, mimi sikuwapo. Sindano ikashuka, na ukatoka mlio kama mahindi yanayokaangwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Dakika tatu nzima. Hakuna aliyesogea, walikuwa wanangoja baba yao aanze.

Mama Debora aliweka mikono kichwani.

"Ni miye," alisema. "Ni mafuta yangu ndiyo ilikula sauti yake. Simeoni, nilikuzika mara ya pili."

Nilifungua mdomo. Nikasema, "Zimekaa muda mrefu, Mama." Sentensi hiyo si uongo. Mnaweza kuipima kwa namna yoyote, haina neno la uongo hata moja, na ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Nikafunga gramafoni, nikarudi Mbarara.

Mkuu wetu wa redio nilimwambia kweli siku ya pili. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nyabo, si yeye mwenyewe amesema ni samli?" aliniuliza. "Wewe nataka nini tena? Huyu naenda Amerika. Acha hiyo mambo."

Nikaiacha. Nilikwenda kazini, nikanawa mikono, nikaosha santuri za watu. Nilijiambia kwamba nikisema sitairudisha klarineti, jambo ambalo ni kweli. Nilijiambia kwamba nitamwongezea maumivu. Jambo nililoliogopa hasa lilikuwa kwamba kanisa zima lingejua kuwa Mwalimu Mapendo, anayenusa mikono ya watu wengine, ndiye aliyeharibu.

Kisha jirani yangu wa Nakivale alikuja mjini kutibiwa, akanipa habari za nyumbani. Majina yalikuwa yamebandikwa. Familia ya Mama Debora ingeondoka Ijumaa. Na Mama Debora, alisema, amegawa vibuyu vyake vyote vya maziwa. Wajukuu wanakunywa kwenye majagi ya plastiki. Alipoulizwa kwa nini anagawa kabla ya safari, alijibu kwamba mkono wake unaharibu vitu, hautapaka tena.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilipanda gari la kwanza.

Nilimkuta nje ya nyumba, anakunja nguo kwenye mifuko iliyoandikwa namba. Alikuwa amekonda. Binti yake mkubwa alikuwa anapima mizigo kwa mizani ya kuning'iniza. Sikukaa, maana ningekaa ningeanza na habari za afya na mvua.

"Mama," nilisema, "siyo samli. Ni mimi. Nilitia spiriti kwenye santuri ambayo haitakiwi kutiwa spiriti. Nilikuwa najua, na nilifanya. Siku ile ulipolia nilikuwa najua, na nikanyamaza."

Alimaliza kukunja shati alilolishika, akaliweka, akalinyoosha kwa kiganja.

"Siku ngapi tangu ulikuja na ile mashini?"

"Kumi na mbili."

"Siku kumi na mbili, Mwalimu. Siku kumi na mbili niko naomba Simeoni musamaha. Usiku na mchana. Na weye ulikuwa fasi gani?"

"Nilikuwa kazini, Mama."

Nilitaka anitukane. Kwetu mtu akikutukana mbele ya watu, mambo yana mwisho. Hakunitukana.

"Na zile zingine?" aliuliza. "Kumi na moja?"

"Nzima zote. Sijawahi kuona zilizotunzwa hivyo. Ni samli yako ndiyo iliyozilinda. Na hata ya Simeoni, chini ya mafuta ilikuwa nzima. Ningeiosha kwa maji tu, mngemsikia."

Nilipomaliza kusema hivyo nilijua kwamba sehemu ya mwisho ilikuwa ya ukatili. Lakini ilikuwa ya kweli, na alikuwa na haki nayo.

Mama Debora alivuta pumzi, kisha akaita watoto kwa majina, mmoja mmoja, mpaka wote watano wakatoka nje na wajukuu nyuma yao. "Sema tena," aliniambia. "Sema vile umesema, basikie." Nikasema tena, neno kwa neno, na wakati huu sauti haikuwa ya fundi. Mtoto wa mwisho, kijana mkubwa mwenye ndevu, yule aliyezaliwa baada ya mazishi, aligeuka akaenda nyuma ya nyumba.

"Basi mafuta yangu haikuharibu kitu," mama alisema.

"Haikuharibu kitu."

Akaingia ndani akatoka na ile santuri. Nilidhani ananirudishia. Binti yake naye alidhani hivyo, akasema, "Mama, hiyo ni kilo bure, haina kitu." Mama Debora aliiweka bahasha yake ya karatasi juu ya paja langu na kunipa kalamu ya bluu, ile iliyokuwa ikiandika namba za mizigo.

"Weye ni mwalimu, una mwandiko muzuri. Kule tunaenda, batoto ba batoto batauliza nani aliharibu klarineti ya babu. Miye nitakuwa nimekufa. Andika."

"Niandike nini?"

"Ile ulisema."

Nikaandika kwa herufi kubwa, za darasa la tatu, ili mtu yeyote aweze kusoma: Upande huu uliharibiwa kwa spiriti na Mwalimu Mapendo wa Mbarara. Samli ya Mama Debora haikuharibu kitu.

Yeye hakujua kusoma. Alimpa binti yake, naye akasoma kwa sauti mbele ya wote, na majirani wawili waliokuwa wamesimama kwenye ua. Mama Debora alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kama watu wanavyosikiliza muziki.

"Soma tena," alisema.

Binti akasoma tena.